Kelele, Kosa na Chenga: Uhakiki wa Lugha ya Kutatua Hitilafu za Vihisi katika Roboti za Wanafunzi kwa Mfano wa Tongoni, Tanga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uwezo wa Kiswahili cha kitaaluma kueleza kazi ya kutafuta chanzo cha usomaji unaoyumba katika kihisi cha roboti iliyoundwa na wanafunzi. Hoja kuu ni kwamba mjadala wa Kiswahili cha sayansi umejikita mno katika nomino, yaani istilahi, ilhali kutatua hitilafu ni kazi ya hoja inayobebwa zaidi na vitenzi, vinyambuo na viambishi vya masharti. Makala yanachunguza maneno kelele, mikwaruzo, chenga na kosa, kisha yanaangalia kauli ya kutendeka, kauli ya kutendwa, na viambishi -ki-, -po- na -nge-. Inabainika kwamba Kiswahili kina nyenzo zinazotosha, lakini baadhi ya mazoea ya matumizi yake humfanya mwanafunzi afunge uchunguzi kabla haujaanza.

1.0 Utangulizi

Tongoni ni kijiji cha pwani kilichopo takriban kilomita 17 kusini mwa jiji la Tanga. Jina lake huelezwa kuwa na maana ya mahali pa magofu, na magofu yenyewe yapo: msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wanahistoria huuhusisha mji huo na Mtangata, jina linalotajwa katika habari za safari ya Vasco da Gama. Mwezi Aprili 1498 mojawapo ya merikebu zake, São Rafael, ilipwelewa kwenye mafungu ya eneo hilo kabla ya kupambazuka, ikasubiri maji yajae ndipo ikaelea. Mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, merikebu hiyo hiyo ilichomwa moto katika eneo hilo kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu.

Habari hiyo inatajwa hapa kwa sababu moja. Kwa karne nyingi wakazi wa mwambao huu wamekuwa wakipima kitu wasichokiona kwa chombo wasichoweza kukiamini moja kwa moja. Bildi iliyoteremshwa majini kutoka kwenye chombo kinachoyumba haitoi jibu moja. Kamba hupinda kwa mkondo, risasi hugusa jiwe badala ya mchanga, na mkono wa mpimaji hutetereka. Nahodha aliyetaka kujua kina halisi ilimbidi atofautishe maji, kamba, chombo na mkono wake mwenyewe. Tatizo hilo ndilo linalomkabili leo mwanafunzi wa sekondari aliyefunga kihisi cha umbali mbele ya roboti yake na kuona namba zinaruka bila mpangilio.

Roboti za namna hiyo si jambo geni tena mkoani Tanga. Jijini kuna kituo cha STEM Park ambamo wanafunzi hujifunza sayansi kwa vitendo, na bodi ndogo za kielektroniki kama Arduino, iliyoanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, zimeshusha sana gharama ya kuanza. Kinachobaki kuwa kigumu ni lugha. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote za elimu huku Kiingereza nacho kikiimarishwa, lakini darasa la fizikia la sekondari halijabadilika kwa kiwango hicho. Matokeo yake ni kwamba kazi ya mikono hujadiliwa kwa Kiswahili na ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na kati ya hatua hizo mbili sehemu ya hoja hupotea.

2.0 Mkabala na Mfano Unaotumika

Uhakiki huu unasimama baina ya mikabala miwili. Wa kwanza ni ule wa Eugen Wüster, mhandisi wa Austria aliyeweka msingi wa nadharia ya istilahi kwa sharti kwamba dhana moja ipewe istilahi moja. Athari ya mkabala huu ni kubwa katika Kiswahili. Inaonekana katika kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa tangu kuanzishwa kwake mwaka 1967, katika kamusi za masomo za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na katika miongozo kama Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992). Mkabala wa pili ni sarufi amilifu mfumo ya M. A. K. Halliday, inayoichukulia sarufi kuwa hazina ya uchaguzi ambamo msemaji huamua nani atajwe kuwa mtendaji, tukio gani litangulie, na uhusiano gani baina ya matukio uwekwe wazi. Wa kwanza huuliza kitu kinaitwaje. Wa pili huuliza kinachotokea kinasemwaje.

Mfano unaotumika ni wa kudhani. Ichukuliwe kwamba kundi la wanafunzi limeunda roboti ya magurudumu manne yenye kihisi cha umbali cha aina ya HC-SR04, na kwamba roboti imesimamishwa mita 2 mbele ya ukuta wa matumbawe huko Tongoni ili ipime bila kuugusa. Kihisi hiki hutoa mapigo manane ya sauti ya kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu halisikii, kisha husubiri mwangwi. Muda wa kwenda na kurudi huzidishwa kwa kasi ya sauti na kugawanywa kwa mbili. Kwa mujibu wa maelezo ya watengenezaji, kihisi hupima kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Mahali penyewe panafaa kwa uhakiki kwa kuwa pana karibu kila kinachovuruga upimaji: jua, upepo, chumvi inayoleta kutu kwenye viungio, na ukuta wa mawe yenye vishimo ambao hutawanya mwangwi badala ya kuurudisha sawasawa.

3.0 Kelele, Mikwaruzo na Chenga

Neno linaloenea katika maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya usomaji wenye vurugu ni kelele. Ni tafsiri ya moja kwa moja ya sitiari ya Kiingereza, na sitiari hiyo ina historia yake. Wahandisi wa simu na redio walianza kwa kusikia vurugu hasa masikioni mwao. J. B. Johnson na Harry Nyquist walipoeleza mwaka 1928 vurugu ya umeme inayotokana na joto la waya wenyewe, neno lilikwisha kuzoeleka. Claude Shannon alipoandika nadharia yake ya mawasiliano mwaka 1948, neno lilikuwa limehama kutoka sikioni hadi kwenye hesabu. Msomaji wa Kiingereza alifika kwenye dhana kwa kupitia uzoefu. Msomaji wa Kiswahili anapewa mwisho wa safari bila njia.

Udhaifu wa kelele unaonekana wazi katika mfano huu. Kihisi chenyewe hufanya kazi kwa sauti isiyosikika. Mwanafunzi akiambiwa kwamba usomaji una kelele, tafsiri ya kwanza inayomjia ni kwamba makelele ya watu au upepo yanaingia kwenye kihisi. Atatafuta mahali palipotulia, na namba zitaendelea kuruka, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa mota zinazonyonya umeme kutoka kwenye betri ile ile. Istilahi imempeleka upande usiokuwa na jibu.

Hata hivyo, Kiswahili kina njia yake ya uzoefu ambayo waundaji wa istilahi hawajaipa uzito unaostahili. Wasikilizaji wa redio husema mikwaruzo. Watazamaji wa televisheni wasiopata mawimbi vizuri husema skrini inaonyesha chenga. Neno la pili lina uzito wa pekee. Chenga ni punje za mchele zilizovunjika. Zinatoka katika mchele ule ule, zimechanganyika na punje nzima, na hazitolewi kwa kumwaga sinia lote bali kwa kupepeta na kuchagua. Mwenye kujua chenga anajua tayari mambo matatu ambayo mwalimu wa vihisi hutumia kipindi kizima kuyaeleza: kwamba vurugu imechanganyika na habari, kwamba kuitoa ni kazi ya kuchuja, na kwamba kuchuja kupita kiasi humwaga hata mchele.

Sitiari hii inasaidia kueleza tofauti ya njia za kuchuja. Tuseme kihisi kimetoa, kwa sentimita, namba 84, 85, 84, 212 na 85. Wastani wake ni 110, umbali ambao haupo popote. Chenga moja imeharibu sinia. Namba zikipangwa kwa ukubwa na kuchukuliwa ile ya katikati, jibu ni 85, na ile 212 inaachwa pembeni bila kulazimika kuifuta kwenye kumbukumbu. Kwa upande mwingine, namba zikiyumba kidogo kidogo kuzunguka thamani moja, wastani hufaa zaidi: ikiwa mayumbo hayategemeani, wastani wa usomaji 16 hupunguza kuyumba hadi robo.

Ni haki kuitaja kasoro ya chenga pia. Neno hilo lina maana ya kukwepa, kama katika mpira, na mtu anaweza kudhani kihisi kimepigwa chenga na kitu. Aidha, haliundi kitenzi kwa urahisi. Kwa hiyo uhakiki huu haupendekezi kelele ifutwe. Unachosema ni kwamba sharti la istilahi moja kwa dhana moja limewafanya waandishi wachague neno moja lililo mbali na kuyaacha mawili yaliyo karibu, wakati mwanafunzi angenufaika kuyapata yote na kuambiwa kila moja linaangaza upande gani wa dhana.

4.0 Kosa kama Hukumu

Neno la pili lina hatari kubwa zaidi. Katika vitabu vya hesabu na fizikia, tofauti baina ya thamani iliyopimwa na thamani halisi huitwa mara nyingi kosa. Katika Kiswahili cha kawaida kosa ni tendo la mtu, nalo hudai mkosaji, na mkosaji hudaiwa toba au adhabu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kuna kosa katika vipimo vyake amesikia jambo juu yake mwenyewe. Itikio la kawaida ni kuficha. Namba 212 inafutwa kabla mwalimu hajaiona, na jedwali linawasilishwa likiwa safi.

Usafi huo ni hasara. Namba ya ajabu ndiyo shahidi wa kwanza wa hitilafu. Ikiwa inatokea kila mara roboti inapopinda, inaelekeza kwenye waya uliolegea. Ikiwa inatokea ukuta unapokuwa upande, inaelekeza kwenye mwangwi uliorukia pembeni. Jedwali lililosafishwa halielekezi popote, na mtahini anayeliona lina usawa usio wa kawaida ana haki ya kulitilia shaka.

Methali isemayo kutenda kosa si kosa, kosa kurudia kosa, inaonyesha mgongano huo waziwazi. Katika maadili, kurudia ndiko kunakokigeuza kitendo kuwa hatia. Katika upimaji, kurudia ndiyo dawa: asiyerudia kipimo hana njia ya kujua kama namba yake imeyumba au imetulia. Neno moja linabeba amri mbili zinazopingana. Kwa ajili hiyo inafaa katika muktadha wa vihisi kutumia mkengeuko au tofauti pale panapozungumzwa namba, hitilafu pale panapozungumzwa kifaa, na kosa libaki kwa jambo lililotendwa na mtu, mathalani kuunganisha waya mahali pasipo pake.

Suala la sifuri linafanana na hili. Programu ya Arduino inayosubiri mwangwi, ikiusubiri hadi muda uishe bila kuupata, hurudisha 0. Mwanafunzi huandika umbali ni sifuri. Lakini hiyo 0 si umbali, ni kimya. Kihisi hakikusema kwamba ukuta uko puani pake, bali kwamba hakikusikia kitu. Kuichanganya katika wastani ni sawa na kumhesabu shahidi asiyefika mahakamani kuwa amekanusha. Kiswahili kina neno kimya, na ripoti ya roboti inalihitaji.

5.0 Mrama na Mkondo

Tofauti iliyo ngumu zaidi kufundishwa ni ile baina ya usomaji unaotawanyika kuzunguka thamani halisi na usomaji uliotulia mahali pasipo sahihi. Maandishi mengi ya Kiswahili huziita zote mbili kosa, na kuongeza vivumishi virefu visivyokumbukika. Lugha ya mabaharia ilikwisha kuzitenganisha. Chombo kinachokwenda mrama huyumba huku na huku, lakini mwelekeo wake wa jumla unaweza kuwa sahihi. Chombo kinachochukuliwa na mkondo kinaweza kutulia kabisa juu ya maji huku kikihamishwa taratibu hadi juu ya mwamba. Abiria huogopa mrama, wakati nahodha anauhofia zaidi mkondo.

Mfano wa Tongoni unatoa mkondo wa namna hii. Kasi ya sauti hewani ni takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, na huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Programu nyingi za wanafunzi hutumia ile 343 kama ilivyonakiliwa. Mchana wa pwani wenye nyuzijoto 32, kasi halisi inakaribia mita 350 kwa sekunde, mwangwi unawahi kurudi, na ukuta ulio umbali wa sentimita 200 unasomwa kuwa takriban 196. Kurudia kipimo mara 1,000 na kutafuta wastani hakuongezi hata sentimita moja. Kutaendelea kutoa 196, tena kwa uthabiti unaovutia imani. Tiba yake ni kupima joto la hewa na kurekebisha kasi katika programu, au kupima kwanza umbali unaojulikana kwa futi ya fundi na kulinganisha.

Hapa sitiari ya chenga inafikia kikomo chake, kwa kuwa mkondo haupepetwi. Ndiyo sababu dhana hizi zinahitaji picha mbili tofauti, na ndiyo sababu pia neno chombo, ambalo katika Kiswahili ni merikebu na ni kifaa, linastahili kutumiwa kwa makusudi darasani.

6.0 Kauli ya Kutendeka na Kufungwa kwa Uchunguzi

Sehemu zilizotangulia zimejadili nomino. Uzito wa tatizo, hata hivyo, uko katika vitenzi. Sentensi ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huifikia kwanza kifaa kinapoleta taabu ni kihisi kimeharibika. Katika familia hiyo zimo umeme umekatika, namba zimevurugika na waya umekatika. Zote ziko katika kauli ya kutendeka. Kisarufi kauli hii hueleza hali iliyofikiwa na haidai mtendaji. Ni kauli ya adabu, kwani humwepusha msemaji na kumtaja mtu, na katika maisha ya kawaida ina manufaa yake. Katika kutatua hitilafu huwa ni mlango uliofungwa. Ukisema kihisi kimeharibika, jambo linalofuata kimantiki ni kununua kingine.

Kauli ya kutendwa hufanya kazi tofauti. Usomaji umevurugwa ni sentensi inayoacha nafasi wazi, na msikilizaji huuliza: umevurugwa na nini? Kiunganishi na hudai jina. Vilevile kauli ya kutendesha humlazimisha msemaji aanze na chanzo: mota zinayumbisha usomaji. Mabadiliko kutoka -yumba hadi -yumbisha ni silabi moja tu, lakini ndiyo tofauti baina ya malalamiko na nadharia inayoweza kujaribiwa.

Halliday alionyesha kwamba Kiingereza cha sayansi hupata nguvu kwa kugeuza michakato kuwa nomino. Wafasiri wa Kiswahili wameiga mwelekeo huo, wakaandika uvurugikaji wa usomaji na uyumbaji wa volteji. Miundo hii si batili, lakini inapoteza kile ambacho unyambulishaji wa Kiswahili hukifanya kwa ubora: kuonyesha ndani ya kitenzi kimoja iwapo jambo limetokea lenyewe, limetendwa, au limesababishwa.

Lugha ya mafundi inapaswa kutazamwa katika nuru hiyo. Fundi wa redio husema kiungio kinacheza, waya umelegea, umepiga shoti, au moto ni mdogo. Wahariri huyaondoa maneno hayo kwa kuyaona ya mitaani. Yakichunguzwa, kila moja linataja utaratibu mahususi: mguso usioshikilia, umeme uliopita njia ya mkato, volteji isiyofikia kiwango. Ni maelezo yaliyo sahihi zaidi kuliko kimeharibika, ambayo hupita katika ripoti bila kuulizwa.

7.0 Masharti: -ki-, -po- na -nge-

Ichukuliwe sentensi hii: mota zikiwaka, namba zinayumba. Tangu sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944 imefahamika kwamba -ki- hubeba sharti na pia usambamba wa matukio. Sentensi inaweza kumaanisha kwamba kuwaka kwa mota ndiko kunakoleta kuyumba, au kwamba mambo mawili hutokea pamoja. Kwa mazungumzo, utata huo hauna madhara. Kwa anayetafuta chanzo, ndio kiini cha swali lote.

Mota zikiwaka, yanatokea angalau mambo mawili. Kwanza, mota hunyonya mkondo mkubwa wa umeme, volteji ya betri hushuka, na cheche za brashi zake hutia vurugu kwenye nyaya. Pili, roboti hutembea na kutikisika, na waya uliolegea hucheza. Tiba ya kwanza ni kutenga betri ya mota na ile ya bodi huku nyaya zao hasi zikiunganishwa, kufunga kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye ncha za kila mota, na kupitisha nyaya za kihisi mbali na za mota. Tiba ya pili ni kukaza kiungio. Anayetibu kisicho chanzo anaweza kutumia siku nzima na fedha za kundi bila matokeo.

Kutenganisha vyanzo kunahitaji majaribio mawili, na kila moja lina umbo lake la kisarufi. Roboti inainuliwa juu ya tofali ili magurudumu yazunguke bila kuigusa ardhi: mota zinawaka, lakini roboti haitembei. Kisha mota zinazimwa na roboti inasukumwa kwa mkono: inatikisika, lakini hakuna umeme mkubwa unaonyonywa. Iwapo namba zinayumba katika jaribio la kwanza pekee, tuhuma inahamia kwenye umeme. Zikiyumba katika la pili pekee, tuhuma inahamia kwenye viungio. Zikiyumba katika yote mawili, vyanzo ni zaidi ya kimoja na lazima vitibiwe kwa zamu, kwa kubadilisha kitu kimoja kila mara.

Hoja iliyo nyuma ya majaribio hayo husemwa kwa -nge-: kama mota zisingewaka, usomaji usingeyumba. Hiyo ndiyo kauli ya chanzo, na Kiswahili huibeba kwa kiambishi kimoja katika kila upande wa sentensi. Nayo -po- husaidia kuorodhesha matukio yaliyoonekana kweli: kila mota zilipowaka, namba ziliyumba. Basi mwanafunzi anaweza kufundishwa mpangilio ulio wazi. Ushahidi uandikwe kwa -po-, dhana inayojaribiwa iandikwe kwa iwapo, na dai la chanzo liandikwe kwa -nge- baada ya jaribio, si kabla yake. Kwa mpangilio huo mtahini anaweza kuona mahali ambapo hoja imeruka hatua.

8.0 Mapingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba programu zenyewe zinaweza kuchuja kila kitu, hivyo lugha ya uchunguzi haina umuhimu mkubwa. Dai hili linapuuza gharama ya kuchuja. Kihisi kinachotajwa hapa huhitaji takriban milisekunde 60 baina ya kipimo na kipimo ili mwangwi wa kwanza usichanganyike na wa pili. Wastani wa usomaji 10 unahitaji milisekunde 600 hadi ujazwe na habari mpya tupu. Roboti inayokwenda nusu mita kwa sekunde itakuwa imesogea sentimita 30 katika muda huo. Mbele ya ukuta wa kale usiopaswa kuguswa, sentimita 30 ni nyingi. Kuchuja kunakotangulia kutafuta chanzo hukifunika chanzo na kuichelewesha roboti.

Pingamizi la pili ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo kumzoesha mwanafunzi hoja ya Kiswahili ni kumpotezea muda. Pingamizi hili lina ukweli wa kiutawala na halipaswi kubezwa. Jibu lake ni kwamba hoja isiyokamilika kwa lugha inayofahamika haikamiliki kwa kutafsiriwa. Aliyeandika kihisi kimeharibika ataandika jambo hilo hilo kwa Kiingereza, na ripoti itakuwa na upungufu ule ule katika lugha mbili.

Pingamizi la tatu linahusu sitiari. Mrama, mkondo na bildi ni maneno ya pwani, na mwanafunzi wa Dodoma au Kigoma huenda asiyatambue. Hilo ni kweli, na linaashiria kwamba picha za kufundishia hazipaswi kusanifishwa kwa kiwango kile kile cha istilahi. Mwalimu wa bara atapata picha nyingine katika kilimo, ufugaji au ziwa lake. Kinachopaswa kuwa cha pamoja ni tofauti inayofundishwa.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kikwazo cha kueleza hitilafu za vihisi kwa Kiswahili hakiko katika uhaba wa maneno. Kiko kwanza katika uteuzi wa neno lililo mbali na uzoefu, kama kelele, na neno lenye hukumu, kama kosa. Kiko pili katika mazoea ya kauli ya kutendeka, inayotaja hali na kuficha chanzo. Kiko tatu katika kuacha utata wa -ki- bila kuufafanua mahali ambapo usambamba na usababishi vinatofautiana.

Mapendekezo matatu yanafuata. Wahariri wa kamusi za sayansi waingize, pamoja na nomino, vitenzi na vinyambuo vyake vikiwa na mifano ya sentensi za uchunguzi. Walimu wa sayansi kwa vitendo wadai jedwali la usomaji wote, pamoja na namba za ajabu na kimya, kabla ya kupokea wastani wowote. Watafiti wa Kiswahili, kwa upande wao, wakusanye lugha ya mafundi wa redio, pikipiki na vyombo vya baharini wakati inapotumika kazini, kwa kuwa hapo ndipo hoja za kutafuta chanzo zinapotolewa kila siku kwa Kiswahili na watu ambao hawajaulizwa zinaitwaje.